Uwanja wa Tshukudu uwe pahali pa kusimama, si pa kuzunguka tu

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Goma, machefu wa mitaa na wajumbe wa ofisi za muji



Tumewaita juu ya jambo moja: Rond-point Tshukudu. Tunataka pahali pale pakuwe uwanja wa wote, pahali mutu anaweza kusimama, kukaa, kuuza, kupumzika, kuongea na mwenzake, bila kuomba ruhusa na bila kukimbizwa. Tutasema kwa nini, tutasema namna gani, na tutasema pia kile tunachoogopa. Kisha ninyi mutatuambia mawazo yenu, juu uwanja wa wote hauwezi kutoka katika kichwa cha watu kumi.

Sanamu iko na pahali, mwenye sanamu hana

Tangu mwaka 2009 sanamu ile ya rangi ya zahabu iko pale: mwanaume anasukuma tshukudu. Kila mugeni anayefika Goma anaipiga picha. Sisi tunaipenda. Miji mingi inaweka juu pale mufalme, jenerali ao rais. Goma iliweka mutu wa kazi, mutu wa jasho. Hiyo ni heshima kubwa, na hatutaki mutu aiguse.

Munajua tshukudu ni nini kwa muji huu. Ni mbao, hata magurudumu yake ni mbao iliyovishwa mpira wa tairi la gari. Inabeba mamia ya kilo: viazi na kabichi kutoka Kibumba, makala, mihogo, simenti, bidoni za maji. Siku ambazo mafuta ya gari yamekosekana, ao barabara imeharibika, tshukudu inapita. Muji huu umekula miaka mingi juu ya mabega ya wale wanaume.

Lakini angalieni sasa. Mwenye tshukudu akifika pale na muzigo, jasho linamutoka, atasimama wapi? Kona ya kuegesha haikupangwa. Kivuli hakuna. Maji ya kunywa hakuna. Anazunguka sanamu yake mwenyewe na kuendelea, juu nyuma yake pikipiki na malori yanapiga honi. Sanamu imepewa nafasi ya kukaa, mutu mwenyewe hapana.

Na si yeye peke yake. Mama muuza ndizi anaweka beseni chini, jicho moja kwa wateja, jicho lingine njiani kuangalia nani anakuja kumufukuza. Mutoto wa shule anavuka akikimbia. Mumotari anayengoja muteja anajaza njia ya waenda kwa miguu, juu hakuna aliyemuonyesha pahali pengine. Mzee mwenye fimbo anapita mbali kabisa. Wote tunapita pale kila siku, na karibu hakuna anayebaki.

Muji mukubwa, viti kidogo

Goma iko na komine mbili na mitaa 18. Watu wamepita milioni moja. Kila mara vita vinapowaka Masisi ao Rutshuru, jamaa zetu wanashuka na mikeka yao, na muji unavimba tena. Sasa hesabuni kwa vidole: ni pahali ngapi katika muji huu mutu asiye na franga mufukoni anaweza kukaa saa nzima, na hakuna mutu anamuuliza kitu?

Tuko na Ziwa Kivu mbele yetu. Lakini pahali pengi, kati yetu na maji, kuko kuta, hoteli na milango ya chuma. Kijana anayetaka kuongea na wenzake anaenda nganda, na kiti cha nganda kinalipwa kwa chupa. Musichana anayetaka kusoma kitabu chake nje anabaki ndani. Watoto wanacheza mupira barabarani, na wanaokota mupira chini ya magurudumu. Wengi wetu tumeshavuka mupaka siku ya Mungu kwenda kukaa tu kwenye ufuko wa Gisenyi, juu kule ufuko uko wazi. Kusema hivi si haya. Haya ni kuwa na ziwa lile lile na kukosa pahali pa kutandika mukeka.

Kuko sababu nyingine, na hii muji wetu unaijua mwilini. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipasua kati ya muji na kufika mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mulima ulilipuka tena. Lava ilisimama mbele ya kufika kati, lakini siku tano nyuma yake mamlaka iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Munakumbuka ile siku. Watu walitoka usiku na alfajiri, wengine kuelekea Sake, wengine mupaka, wengine bandarini, na watoto mingi walipotezana na wazazi wao. Ni familia ngapi zilikuwa zimeshaambiana: «Tukipotezana, tutakutana pale»?

Hatusemi kama uwanja utazuia lava. Na kama lava inaelekea pale, watu watapelekwa kwingine. Tunasema muji wenye volkano mbili karibu unahitaji pahali wazi ambapo kila mutu, hata mutoto, anapajua kwa jina. Pahali penye taa, penye bango linaloonyesha kwa rangi hali ya volkano, na penye matangazo ya mamlaka kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni anasoma. Uvumi unakimbia sana pahali habari ya kweli haina ukuta wa kubandikwa.

Uzuri unaofukuza watu

Sasa tuseme kile tunachoogopa, na tukiseme wazi mbele ya wakubwa waliokaa hapa.

Kazi za kupamba muji mara nyingi zinaanza namna moja. Asubuhi wamama wanaambiwa watoke. Meza zinavunjwa, vitu vinabebwa. Kisha kunawekwa uzio, nyasi, maua, na kibao: ni marufuku kukanyaga. Siku ya kukata utepe kuko muziki na picha. Miezi sita nyuma yake taa zimekufa, uzio umejaa mifuko ya plastiki, na wamama wamerudi kuuza, lakini sasa wanauza karibu kabisa na magari, pahali pa hatari kuliko zamani. Pesa zimeisha, na uwanja haujazaliwa.

Uwanja hauwi hai juu ya simenti. Unakuwa hai juu kuko watu wenye sababu ya kuja na haki ya kubaki. Hilo ni neno letu lote la leo, mengine yanafuata nyuma yake.

Mama anayeuza chai pale asubuhi si uchafu wa kuondoa mbele ya wageni. Yeye njo uhai wa uwanja. Pahali pale yeye anakaa, kuko macho. Pahali kuko macho, mwizi anaogopa, na musichana anayetoka kazini saa moja ya jioni anapita bila kukimbia. Ukimuondoa mama, umeondoa mulinzi ambaye muji haumulipi hata franga moja.

Tuangalie jirani. Kigali, mwaka 2015, walifunga barabara moja ya kati kwa magari. Magari yalitoka, lakini kwa miaka ya kwanza pahali pale palibaki lami na jua, na watu hawakuwa na sababu kubwa ya kwenda. Nyuma yake waliweka viti, miti, taa, na pahali pa watoto kuchezea. Mwaka 2022 wakafungua upya kwa jina la Imbuga City Walk, na watu wakaja. Hatusemi tuige Kigali. Kule kuuza njiani ni marufuku, na sisi hatutaki hilo kwa wamama wetu. Somo ni hili: kuondoa magari, ao uchafu, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumupa mutu sababu ya kusimama.

Namna gani

Kwanza, mbio za magari. Hatuombi barabara ifungwe. Malori yanayoleta chakula lazima yapite. Sanamu ibaki kati, na uwanja wa watu uwe pembeni, pande zote, kwa kupanua njia za miguu. Kila barabara inayoingia rond-point iwe na dodani na mistari ya kuvukia. Wamotari wapewe nafasi yao iliyochorwa chini, na chama chao chenyewe kisaidie kuichunga. Ukimuonyesha mutu pahali pake, huna haja ya kumukimbiza na fimbo.

Pili, pa kukaa na kivuli. Hatuhitaji marumaru kutoka mbali. Tuko na jiwe la volkano, na tuko na mafundi ambao wamelichonga toka utoto. Nyumba zetu nyingi zimesimama juu yake. Benchi la jiwe lile haliozi, haliibiwi, na pesa yake inabaki kwa fundi wa Goma. Kwa miti, tusidanganyane: muti hauoti juu ya lava kavu kwa sababu mukubwa amekuja kuupanda mbele ya kamera. Lazima shimo lichimbwe kabisa, udongo mweusi uletwe, na mutu mwenye jina apewe kazi na mushahara wa kumwagilia miaka miwili ya kwanza.

Tatu, maji, choo na taa. Mama anayekaa pale toka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka jioni, anaenda wapi? Wanaume wengi hawajawahi kujiuliza swali hili. Uwanja bila choo unafukuza wanawake wa kwanza, hata kama hakuna askari. Tunaomba choo chenye mulinzi, chenye maji, chenye mulango unaofungwa kwa ndani. Mutu mzima alipe kidogo, watoto na wazee wasilipe. Bomba la maji ya kunywa liwe karibu. Na taa ziwe za jua, ili zisife kila mara umeme unapokatika.

Nne, meza za wamama na maegesho ya tshukudu. Mbele ya kuchimba hata shimo moja, wauzaji walioko pale leo waandikwe, mbele ya watu wote, kila mutu na namba yake. Namba ile isiuzwe, isipewe shemeji wa mukubwa. Kazi ifanywe upande moja kisha upande mwingine, ili asiwepo mutu wa kulala njaa juu ya ujenzi. Tiketi ya siku iwe moja, yenye bei iliyoandikwa ukutani. Mwenye kuomba tiketi ya pili anaiba.

Tano, jukwaa dogo la jiwe, la kimo cha magoti. Asubuhi watoto watalichezea. Jioni vijana wa ngoma, wa maigizo na wa mashairi watalipanda. Na siku wananchi wako na neno kwa wakubwa wao, watalisemea pale. Kalenda ibandikwe, ili chama kimoja ao kanisa moja lisilichukue kila juma. Tunajua tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège. Tunajua pia Katiba ya 2006 inasema nini: kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani bila silaha, kifungu cha 26 kinalinda maandamano, na kinachoombwa ni kujulisha mamlaka kwa maandishi. État de siège itaisha siku moja. Uwanja utabaki. Tuujenge kwa watu wa siku zile pia.

Ardhi na pesa

Jambo la kwanza kuliko benchi na muti ni ardhi yenyewe. Katika muji huu sote tumeona namna pahali pa wote panamegwa. Leo ni kibanda, kesho ni musingi, kesho kutwa ni ghorofa na karatasi yenye muhuri. Mutu akiuliza, anaambiwa: «Iko na mwenyewe.»

Sheria iko wazi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 55, inasema ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya wote ni ya mali ya umma ya Serikali, na haiwezi kutolewa kwa mutu mpaka iondolewe katika matumizi yale kwa njia ya sheria. Ni kusema: hakuna ofisi yenye haki ya kukata kipande cha uwanja kimya kimya. Tunaomba uwanja upimwe, uwekewe mawe ya mipaka, na ramani yake ibandikwe pale pale, kila mupita njia aione. Mwizi wa ardhi anapenda kabati iliyofungwa. Ramani ikiwa ukutani, wamama wenyewe watakuwa walinzi wake.

Na pesa ni vile vile. Sheria ya masoko ya serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inaomba ushindani ulio wazi. Basi bango la kazi liseme kwa Kiswahili: nani anajenga, kwa pesa ngapi, mpaka siku gani. Jirani zetu wa Kivu Kusini walishajaribu bajeti shirikishi katika komine na chefferie kadhaa. Wakaaji walikaa, wakachagua kazi ya kwanza ni ipi, wakafuata pesa. Kama iliwezekana ng'ambo ya ziwa, iwezekane na hapa.

Wamoja watatuuliza: muji uko na vita, uko na wakimbizi, uko na njaa, na ninyi munaongea mabenchi? Tunawajibu kwa heshima. Muji unaongoja amani mbele ya kujenga pahali pa watu unaachia wenye pesa kujenga kila kitu kingine wakati unangoja. Siku amani itafika, tutakuta kila kipande kimeshapata uzio. Na tena, aliyekimbia vita njo anahitaji zaidi pahali pa bure pa kukaa na mutoto wake, juu hana sebule, hana kiwanja, hana pesa ya nganda.

Kazi yetu sisi wenyewe

Hatukuja kuomba tu. Kuko mambo tunaanza bila kungoja karatasi.

Tutahesabu. Siku tatu za kazi na siku moja ya Mungu, toka asubuhi mpaka usiku, tutasimama pande zote za rond-point na madaftari. Tutaandika wangapi wanapita, wangapi wanasimama, wangapi ni wanawake, watoto, wazee, wenye ulemavu, na saa gani wanawake wanaanza kupungua. Hesabu ile tutaibandika wazi na tutaipeleka kwa meya. Baada ya kujenga tutahesabu tena. Kama wanaosimama hawakuongezeka, tutasema kazi imeshindwa, hata kama maua ni mazuri.

Tutajaribu mbele ya kujenga. Tunaomba siku mbili za Mungu, asubuhi mpaka jioni, upande moja tu wa uwanja. Tutaleta mabenchi ya kuazima, maturubai ya kivuli, bidoni za maji na mapipa ya kuongoza magari. Wamama watauza, watoto watachora chini kwa chaki, wazee watacheza draftsi. Kama benchi limewekwa vibaya, tutalihamisha kwa mikono. Kuhamisha benchi la mbao ni bure. Kuhamisha la jiwe ni bajeti nyingine.

Na tutafanya salongo. Lakini tuelewane vizuri: salongo si kisingizio cha ofisi kukaa. Wamama wale wanalipa tiketi kila siku, wamotari wanalipa, wenye tshukudu wanalipa njiani. Pesa ile ni jasho, na inastahili kurudi kama kivuli, maji na choo.

Tunayoomba leo

1. Upimaji wa uwanja wote wa Rond-point Tshukudu na ramani ya wazi, mbele ya kitu kingine chochote.
2. Neno la maandishi kwamba hakuna muuzaji, mumotari wala mwenye tshukudu atakayefukuzwa kwa jina la usafi ao uzuri kabla ya kupewa pahali pake.
3. Kamati ya uwanja yenye wauzaji, wenye tshukudu, wamotari, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na machefu wa mitaa ya karibu, yenye haki ya kuona hesabu za pesa.
4. Ruhusa ya siku mbili za majaribio, na polisi wa barabara wa kutusaidia kuongoza magari.
5. Jibu la maandishi, ndiyo ao hapana, pamoja na sababu zake. Hata hapana yenye sababu tutaijibu. Kimya hatutakikubali.

Kwenu ninyi wakaaji, tunaomba kitu kimoja. Musituachie sisi vijana peke yetu jambo hili. Mama, njoo na namba ya meza yako na usiiuze. Mumotari, saidia kuchora mustari na uuheshimu. Chefu, siku utakapoona mutu anashusha mawe ya musingi usiku pembeni ya uwanja, usingoje asubuhi kuuliza. Mwalimu, leta darasa lako siku ya majaribio, watoto watuambie wanataka nini.

Tumesema yetu. Sasa mikrofoni ni yenu, na tunaanza na wamama, juu wao njo wanakaa pale saa nyingi kuliko sisi sote.